Mwano usiopigwa: homa ya nguruwe inavyoinyamazisha kinga ya mwili

Mama mmoja wa Buhongwa, hapa Mwanza, alifika dukani kwangu asubuhi, kabla sijamaliza kutoa nje mifuko ya pumba. Mkononi alikuwa na ndoo tupu ya kulishia, nadhani alisahau tu kuiacha nyumbani. Nguruwe wake 11 walikuwa wameisha ndani ya siku 9. Hakuja kununua dawa. Dawa alishanunua, chupa mbili za antibayotiki ya oksitetrasaiklini, na kila nguruwe alichomwa. Alikuja na swali.

“Mwanangu, wewe si ulisomea mifugo? Hata kideri kikipita kwa kuku huwa kinaacha wawili watatu. Hii homa mbona haikuniachia hata mmoja? Kwani nguruwe hawana kinga?”

Siku ile nilimjibu kwa maneno machache, maana mtu aliyefiwa na banda zima hahitaji darasa. Lakini swali lilinikaa. Wengi wanaofuga kuanzia Igoma hadi Sengerema wanajua dalili vizuri: homa, nguruwe kugoma kula, masikio na tumbo kuwa mekundu kisha zambarau, wanalaliana pembeni, wanakufa. Kinachoelezwa mara chache ni kwa nini mwili wa mnyama mzima, mwenye afya, aliyeshiba, unashindwa hata kuanza kupigana.

Nguruwe ana kinga, tena si ya kubahatisha. Ili kuielewa, tuianzie huku kwetu. Sungusungu, wale walinzi wa kijiji, walipoanza Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980, nguvu yao haikuwa kwenye pinde. Ilikuwa kwenye mwano. Aliyemwona mwizi wa ng'ombe hakutakiwa kupambana naye peke yake. Alitakiwa kupiga mwano, ule ukelele unaovuka kilima, na kila aliyeusikia aupokee na kuupeleka mbele huku akifunga njia ya upande wake. Mwizi angeweza kumshinda mtu mmoja. Kuushinda mwano ilikuwa kazi nyingine.

Mwili wa nguruwe, kama wetu, una mwano wake. Seli ikigundua kwamba imeingiliwa na kirusi hutoa protini zinazoitwa interferoni. Interferoni haziui kirusi. Zinasambaa kwa seli za jirani na kuziambia zijifungie: zisimamishe shughuli ambazo kirusi kingezihitaji, zianze kutengeneza silaha za ndani, ziwe tayari hata kujiua zikivamiwa. Mwano ukipigwa mapema, maambukizi mengi huishia hapo hapo, na mnyama hukohoa siku mbili akarudi kwenye chakula.

Na kwa kirusi hiki cha homa ya nguruwe ya Afrika, kugunduliwa kulipaswa kuwa rahisi mno. Ni kirusi kikubwa. Kinabeba DNA yenye herufi kati ya 170,000 na 190,000 hivi, na jeni zaidi ya 150. Kirusi cha ukimwi, kwa kulinganisha, kina herufi zisizofika 10,000 na jeni 9. Tena DNA hiyo yote kinaizalisha mahali pabaya. DNA ya seli hukaa ndani ya kiini chake. Huko nje, kwenye ute wa seli, haitakiwi kuonekana. Ndiyo maana kuna protini ya doria inayoitwa cGAS inayozunguka kwenye ute huo ikitafuta DNA iliyopotea njia. Ikiipata, inamgutusha mwenzake aitwaye STING, na STING anaanzisha mlolongo unaoishia kwenye interferoni. Kirusi chetu kinajenga kiwanda chake palepale doria inapopita. Ni sawa na mwizi aliyeamua kuchinja ng'ombe wa wizi mbele ya ofisi ya kijiji.

Halafu hakuna mwano.

Sababu ya kwanza ni seli kilichoichagua. Kuna seli za kinga zinazoitwa makrofaji, ambazo kazi yake ni kula. Zimo kwenye bandama, kwenye mapafu, kwenye ini, kwenye matezi. Zikiwa bado changa huzunguka na damu. Zinameza bakteria, zinameza takataka, zinameza chembe nyekundu zilizozeeka. Zikishameng'enya, huchukua kipande cha adui na kukionyesha kwa seli nyingine za kinga, kama mtu anayeleta kandambili ya mwizi kwenye mkutano wa kijiji ili watu waikariri. Kwa hiyo makrofaji ni mlinzi, ni mpiga mwano na ni shahidi, vyote kwa pamoja. Kati ya seli zote za nguruwe, kirusi hiki kinazitafuta hizi.

Wala hakivunji mlango. Kinamezwa. Kikiwa ndani ya kifuko cha kumeng'enyea, asidi ambayo ingemuua bakteria ndiyo inayokivua makoti yake ya nje na kukiacha huru kuanza kazi. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako; hapa kikulacho kimeivaa nguo yenyewe.

Sababu ya pili ni mizigo kinayokuja nayo. Zile jeni zaidi ya 150 si zote za kuzaliana. Ukikikuza maabara, nyingi unaweza kuziondoa na bado kikaongezeka. Sehemu kubwa ya hizo ni zana za kuzimia mitambo ya nguruwe, na nyingine zimetengenezwa kwa kuiga protini za mnyama mwenyewe. Sitazitaja zote, ila chache zinastahili kutazamwa kwa karibu.

Kuna koo mbili za jeni zinazoitwa MGF360 na MGF505. Protini zake zinaingilia ule mlolongo wa cGAS na STING katika hatua mbalimbali, na nyingine zinaziba masikio ya seli ambazo zingeusikia mwano kutoka kwa jirani. Tunajua kwamba hii ndiyo kazi yake kwa sababu ya jaribio lililo wazi kabisa: watafiti walichukua kirusi kikali kilichotoka nchi ya Georgia mwaka 2007, wakakata kundi la jeni hizo, wakakidunga kwa nguruwe. Kirusi kilekile kilichokuwa kikiua banda zima, nguruwe walikipokea na wakabaki wazima. Baadaye walipodungwa kile kikali, walistahimili. Mwano uliachiwa upigwe, basi.

Ya pili inaitwa A238L, na hii ndiyo inayonishangaza zaidi. Ndani ya seli kuna swichi kuu iitwayo NF-κB inayowasha jeni nyingi za uvimbe na kinga. Seli yenyewe ina breki ya kuizuia swichi hiyo ili isiwake ovyo. A238L ni nakala ya breki hiyo, isipokuwa breki ya seli huvunjwa hatari ikitokea, na hii ya kirusi haivunjiki. Protini hiyohiyo ina kazi ya pili: inazuia kimeng'enya kinachoitwa kalsinurini. Hapo ndipo penyewe. Kalsinurini ndiyo inayolengwa na siklosporini, dawa wanayopewa watu waliopandikizwa figo ili miili yao isiikatae figo ngeni. Kirusi cha nguruwe kilifika kwenye ujanja huo kabla ya mwanadamu yeyote kuvaa koti la maabara.

Ya tatu, A179L, ni ya kuzuia kifo. Seli iliyoambukizwa ina njia ya mwisho ya kulinda wenzake: kujiua kabla kirusi hakijamaliza kuzaliana. A179L imeigiza protini za nguruwe zinazozuia kujiua huko. Seli inabaki hai, inalazimishwa kufanya kazi mpaka virusi vipya viwe tayari kutoka.

Kisha kuna ile ambayo mtu anaweza kuiona kwa macho, akipewa darubini. Waliowahi kuvua dagaa usiku wa giza ziwani wanajua taa ikiwashwa juu ya maji inavyokuwa: baada ya muda dagaa wanajikusanya pande zote, wameizunguka kama shanga. Mwaka 1960 watafiti wawili, Malmquist na Hay, waliona kitu cha namna hiyo kwenye seli za nguruwe walizozikuza na kuziambukiza. Katikati makrofaji moja, na chembe nyekundu za damu zimeing'ang'ania kuizunguka. Kwa miaka mingi hicho kilikuwa kipimo cha kuutambua ugonjwa huu. Kinachozivuta chembe hizo ni protini ya kirusi iitwayo CD2v, inayofanana na protini ambayo seli za kinga za nguruwe hutumia kushikana mikono. Virusi vyenyewe pia, vikishatoka, hushikamana na chembe nyekundu na kusafiri nazo mwili mzima. Na anayekuja kunyonya damu hiyo anaondoka navyo.

Anayekuja kunyonya ni papasi, yule kupe asiye na gamba gumu, anayejificha kwenye nyufa mchana na kutoka usiku. Nitamrudia.

Mpaka hapa picha ni ya kimya. Lakini mama wa Buhongwa hakuona kimya bandani kwake. Aliona wanyama wanatoka damu puani. Nguruwe aliyekufa kwa homa hii akipasuliwa, bandama huwa kubwa, nyeusi, laini kiasi cha kumeguka kwa kidole, na matezi yamejaa damu kama ini. Kama kinga imezimwa, uharibifu huo wote unatoka wapi?

Unatoka kwenye kinga hiyohiyo ikiwa imechelewa. Makrofaji zinapofikia mwisho, maelfu kwa maelfu zikipasuka kwa wakati mmoja, zinamwaga kemikali za uvimbe kwa wingi usio na mpangilio. Kemikali hizo zinaharibu mishipa midogo ya damu, damu inaganda isipotakiwa na kuvuja isipotakiwa. Na kuna jambo baya zaidi: limfosaiti, zile seli ambazo zingekuja kuua seli zilizoambukizwa na kutengeneza kingamwili, zinakufa kwa wingi ingawa kirusi hakiziingii kabisa. Zinauawa na hizo kemikali. Ni kama mwano uliopigwa usiku wa manane, mwizi ameshaondoka, na watu wanaamka na mienge wakichomana nyumba wenyewe. Mfano wangu wa sungusungu unaanza kuchechemea hapa, nakubali, kwa sababu katika kijiji mtu angeuliza kwanza. Seli haziulizi.

Haya yote yanakwenda kwa kasi. Kirusi kikishaingia, dalili huonekana baada ya siku 4 hadi 19, na aina kali inaweza kuua karibu kila nguruwe aliyeambukizwa. Kingamwili nzuri huhitaji wiki moja au zaidi kutengenezwa. Wengi hawaifikishi.

Hata wanaoifikisha, kingamwili zao hazifanyi kazi tuliyoizoea. Kwenye magonjwa mengine kingamwili hukishika kirusi na kukizuia kuingia kwenye seli. Hiki kina makoti kadhaa na kinatembea katika sura mbili: kimoja kilichotoka kwenye seli taratibu kikiwa kimejifunika utando wa nje, kingine kilichomwagika seli ilipopasuka, bila utando huo. Vyote viwili vinaambukiza, na kingamwili inayoitambua sura moja si lazima iitambue nyingine. Zaidi ya hapo, kazi mojawapo ya kingamwili ni kumpaka adui alama ili makrofaji imle. Huyu kuliwa ndiko anakokutaka.

Kwa hiyo chanjo imekuwa safari ndefu. Ugonjwa ulielezwa kwa mara ya kwanza na daktari wa mifugo Montgomery mwaka 1921, akiandika juu ya nguruwe wa walowezi huko Kenya, ng'ambo tu ya ziwa hili. Mbinu ya kawaida ya kukiua kirusi na kukidunga haikufanya kazi, kwa sababu inaleta kingamwili tu, bila seli za kuua. Ureno, iliyofikiwa na ugonjwa mwaka 1957, ilijaribu miaka michache baadaye kutumia kirusi hai kilichopunguzwa makali; maelfu ya nguruwe wakapata vidonda, vilema na homa ya kudumu, na kazi ikasimamishwa. Ilibidi kusubiri ujuzi wa kukata jeni moja moja. Mwaka 2022 Vietnam iliidhinisha chanjo ya kwanza, kirusi cha Georgia kilichokatwa jeni moja iitwayo I177L, na mwaka 2023 ikaruhusu chanjo mbili zitumike nchi nzima.

Ukisikia habari hiyo ukiwa Mwanza utataka kuagiza. Tatizo ni kwamba kirusi hiki kina aina nyingi, zaidi ya 20 zimewahi kuorodheshwa, na kinga ya aina moja mara nyingi haivuki kwenda nyingine. Chanjo za Vietnam zimejengwa juu ya aina ya II. Aina hiyo iko Tanzania, lakini nchi yetu ina aina kadhaa, na majirani zetu wa ziwa, Kenya na Uganda, wamesumbuliwa sana na aina ya IX. Watafiti wa ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo ya Nairobi, walichukua kirusi cha aina ya IX kutoka Kenya, wakakiondolea ile CD2v ya dagaa na taa, na mwaka 2022 wakatangaza matokeo: makali yalipungua, ila hayakuisha. Kirusi chenye zana nyingi hivyo, ukimnyang'anya panga bado ana rungu.

Mtu akinisikiliza mpaka hapa huwa anauliza kama virusi vyote vya nguruwe viko hivi. Vyote vina ujanja, ila si huu. Ile homa nyingine ya nguruwe inayoitwa ya kiklasiki, isiyo na undugu wowote na hii zaidi ya jina, ina protini inayomharibu mjumbe wa katikati kwenye mlolongo wa interferoni. Kirusi cha PRRS, kinachotoa mimba na kuharibu mapafu, nacho hukaa kwenye makrofaji, lakini kinajificha kwa kujipaka sukari ya seli juu ya sehemu ambazo kingamwili zingezishika. Hicho kinahitaji mlango mmoja maalumu uitwao CD163, na nguruwe waliohaririwa jeni wasiwe na mlango huo hawakipati. Marekani iliwaidhinisha nguruwe hao kwa chakula mwaka 2025. Nguruwe wa namna hiyo walipojaribiwa kwa homa yetu, walikufa kama wengine. Mwenye kumezwa hahitaji mlango.

Sasa papasi, na ngiri. Ukitoka Mwanza kwenda Musoma, ukishapita Lamadi, Serengeti iko mkono wa kulia, na ngiri unaweza kuwaona bila kushuka kwenye basi. Ngiri ni binamu wa nguruwe. Anaumwa na papasi akiwa mtoto ndani ya shimo, anapata kirusi hichohicho, lakini haugui. Mwaka 1969 Walter Plowright na wenzake, mtu aliyejulikana zaidi kwa chanjo ya sotoka, waliripoti kirusi hiki ndani ya papasi waliokusanywa kwenye mashimo ya wanyama hapa Tanzania. Papasi, ngiri na kirusi wameishi pamoja muda mrefu sana. Kirusi kinazaliana kidogo ndani ya ngiri, kinga inawaka kiasi, haichomi nyumba.

Kwa nini? Wanasayansi wa Roslin, Scotland, walidhani wamepata jibu. Kwenye jeni iitwayo RELA, ambayo ni sehemu ya ile swichi ya NF-κB inayozimwa na A238L, ngiri na nguruwe wa kufugwa wanatofautiana mahali pachache tu. Wakaihariri jeni ya nguruwe iwe kama ya ngiri. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilifurahi kama mtoto. Mwaka 2020 matokeo yakatoka: nguruwe hao hawakuwa na ustahimilivu. Siri ya ngiri haiko kwenye swichi moja.

Mama wa Buhongwa alirudi baada ya wiki tatu. Safari hii hakuwa na ndoo. Alitaka kujua lini anaweza kuingiza nguruwe wengine, na tuliongea kirefu: kwamba ugonjwa huu haumwambukizi binadamu, ila nyama na damu vinabaki na kirusi kwa muda mrefu, kwamba makombo ya hotelini yachemshwe nusu saa nzima, kwamba dume la kukodi linalozunguka banda kwa banda lisikanyage kwake. Antibayotiki inaua bakteria, nikamwambia, na huyu si bakteria.

Kuna kitu kimoja sikumwambia. Alikuwa ameshaniambia mwenyewe, bila kujua uzito wake, kwamba sindano aliyotumia ilikuwa moja, kwa wote 11, kuanzia yule aliyekuwa mgonjwa tayari. Tone moja la damu ya nguruwe mwenye homa hii linaweza kuwa na virusi mamilioni.

“Na hao papasi,” aliuliza, “wanaweza kukaa bandani?”

Nilimweleza kwamba Malawi wamepatikana ndani ya mabanda, kwenye nyufa za kuta, na kwamba papasi mmoja anaweza kukaa na kirusi kwa miaka. Nikamuuliza ukuta wake ni wa nini.

“Mawe na udongo. Marehemu mzee aliujenga.”

Alinunua tochi ya shilingi elfu tatu na mfuko wa chokaa, akaenda.